Mashine ya ndani inachemsha kila baada ya wiki mbili: nianzie wapi kujifunza kuihudumia?

Swali: Shikamoo mjomba fundi. Nina miaka 24, naishi Kilindoni, Mafia. Marehemu baba ameniachia boti ya mbao ya futi 34 yenye mashine ya ndani, dizeli ya silinda tatu. Msimu wa papa potwe tunapeleka wageni, msimu ukiisha tunabeba mizigo. Mwaka huu fundi wa magari amekuja mara tatu kwa sababu inachemsha. Kila mara anaiacha nzima, baada ya wiki mbili inarudia. Nimechoka kumsubiri mtu. Nataka niihudumie mwenyewe. Nianzie wapi, ninunue zana gani, na je, lazima niende chuo?

Jibu: Marahaba mwanangu. Mungu amrehemu mzee. Nimeisoma barua yako mara mbili, na kilichonishika ni hayo maneno "baada ya wiki mbili inarudia". Ugonjwa unaorudi kwa kalenda haujatibiwa, umefukuzwa tu ukaenda kujificha. Tutaufikia.

Simlaumu fundi wa magari. Pistoni ni pistoni, ringi ni ringi, nozeli ni nozeli. Mashine nyingi za boti zinatokana na mashine za trekta na lori, zikavishwa nguo za baharini, na shida hukaa kwenye hizo nguo. Gari linapoozwa na upepo unaopita kwenye rejeta. Boti yako haina upepo huo. Inavuta bahari, inaizungusha tumboni, kisha inaitema nyuma pamoja na moshi. Katika miaka yangu ya kushika spana Tanga, mashine za ndani nilizoletewa zimekufa kwa uchakavu wa kazi ni chache. Nyingi ziliuawa na kitu kilichoingia kutoka nje: maji ya chumvi mahali pasipo pake, au uchafu ndani ya dizeli. Kwa hiyo jifunze njia kwanza. Maji yanapita wapi, dizeli inapita wapi. Ukizijua njia hizo mbili kwa vidole, gizani, chombo kikiyumba, kazi kubwa ya kujifunza umeimaliza. Kufungua na kufunga nati utakuzoea mkononi.

Wiki ya kwanza usifungue kitu. Fua maji yote ya ngama, yaani yaliyotuama chini ndani ya chombo, osha mashine kwa sabuni na brashi mpaka rangi yake ionekane, kisha ifute ikauke. Kwenye mashine safi tone moja la oili linaonekana asubuhi ileile; kwenye mashine chafu utaligundua likishakuwa dimbwi. Baada ya hapo chukua daftari, kaa ubavuni mwa mashine, na ufuate kila mpira na kila bomba kwa kidole kutoka mwanzo hadi mwisho, huku ukichora. Mchoro ukiwa mbaya si neno, ni wako. Andika pia mashine imeandikwa nini kwenye kibao chake, namba na modeli, kwa sababu bila hiyo namba muuza vipuri wa Dar atakuuzia kinachofanana badala ya kinachoingia.

Sasa maji. Hapa nitakaa sana, maana ndipo ugonjwa wako ulipo.

Chini ya chombo kuna tundu lenye koki. Kutoka kwenye koki maji huenda kwenye chujio, halafu kwenye pampu ya maji ya bahari. Ndani ya pampu hiyo kuna impela, gurudumu dogo la mpira lenye mabawa yanayojikunja. Kutoka hapo, kama mashine yako ni ya aina ya kisasa, maji huingia kwenye kipoozeo, kile kisanduku chenye vijimirija vya shaba ambamo maji ya bahari hupita ndani na maji matamu ya mashine hupita nje yake. Bahari inachukua joto, haigusi chuma cha mashine. Mwisho maji yale ya bahari humwagwa ndani ya kiwiko cha ekzosi, lile bomba la moshi, yakapooze moshi, na yote yatoke nyuma kwa mikupuo. Zipo mashine zisizo na kipoozeo, bahari inapita moja kwa moja ndani ya bloki. Hizo huwekewa themostati, kile kilango kinachofungulia maji kwa joto lililopangwa, ya joto la chini, kwenye nyuzi 50 hivi, kwa sababu maji ya chumvi yakipita nyuzi 60 huanza kuacha magadi kwenye kuta kama birika la zamani. Mashine za maji matamu hufanya kazi kwenye nyuzi 80 hivi. Mtu akikufungia themostati ya aina moja kwenye mashine ya aina nyingine, itakusumbua mpaka uichukie bure.

Mashine ikichemsha, fuata njia kwa mpangilio, kutoka baharini kwenda nyuma. Usiruke. Kwanza tazama maji yanavyotoka kwenye ekzosi. Mikupuo ikiwa dhaifu, na moshi mweupe unafuka kama mvuke wa sufuria, bahari haiingii ya kutosha. Zima, funga koki, fungua chujio. Hapo mara nyingi utakutana na mwani au mfuko wa plastiki. Ukikuta chujio safi, vua mpira wa upande wa koki kisha ufungue koki kidogo, ukiwa na kitambaa mkononi. Maji yasipobubujika kwa nguvu, kuna kitu kimeziba nje, kwenye tundu lenyewe: chaza, kauri, au mchanga.

Na mchanga ndio ninaoushuku kwako. Pale Kilindoni maji yakipwa vyombo vinalala juu ya mchanga na tope. Yanapoanza kujaa, kila mtu ana haraka, mashine inawashwa chombo kikiwa hakijaelea sawasawa, na tundu linavuta maji mazito. Mchanga ule unasaga impela na unachimba mifereji kwenye ukuta wa pampu. Fundi anakuja, anafunga impela mpya, inavuta vizuri wiki mbili, halafu mabawa yamekwisha tena. Hiyo ndiyo dhana yangu ya kwanza. Ya pili inafanana nayo: impela ya zamani ilikatika bawa, kile kipande kikaenda mbele kikaziba vijimirija vya kipoozeo, na hakuna aliyekitafuta. Kila ukitoa impela hesabu mabawa. Likipungua moja, lazima ulipate, hata ukifungua mipira yote hadi kwenye kipoozeo. Usilipe fundi ambaye hajakuonyesha kipande kilichopotea.

Impela yenyewe ni kazi ya nusu saa ukiwa umetulia. Funga koki, fungua skrubu za kifuniko cha pampu, ivute kwa plaizi mbili taratibu. Kabla ya kuitoa tazama mabawa yamelalia upande gani. Mpya ipake sabuni ya maji au glisirini, usiipake grisi, grisi inakula mpira wa aina nyingi. Izungushe unapoiingiza ili mabawa yalale upande uleule. Pitisha kucha kwenye ukuta wa pampu na kwenye kifuniko. Kucha ikinasa kwenye mfereji, hata impela ya bei gani haitavuta vizuri. Kifuniko kilicholika kidogo unaweza kukigeuza ukatumia upande wa pili au ukakisugua kwa msasa laini juu ya kioo. Pampu iliyochimbika ndani inabadilishwa. Kumbuka pia kwamba impela hailainishwi na kitu kingine ila maji yanayopita. Ukiwasha na koki imefungwa, dakika moja inatosha kuiunguza. Mimi huning'iniza ufunguo wa mashine kwenye mkono wa koki, nisiweze kuwasha kabla mkono wangu haujafika pale.

Kipoozeo kikiwa na magadi, vua vifuniko vya pembeni na uchomeke kijiti laini kwenye kila kijimirija. Magadi magumu yaloweshe kwa siki nyeupe usiku mzima, kisha suuza. Wapo wanaotumia maji ya betri. Tafadhali usifanye hivyo, yanatoboa shaba, na siku vijimirija vikitoboka bahari inaingia kwenye maji matamu ya mashine. Kwenye kipoozeo hichohicho huwa kuna zinki, kama kidole, imefungwa kwenye bolti. Kazi yake ni kuliwa na chumvi badala ya shaba. Ikibaki nusu, badilisha. Nimefungua mashine zenye miaka kumi ambazo mwenyewe hakujua zinki hiyo ipo. Upande wa maji matamu, pima kila asubuhi mashine ikiwa baridi, usifungue kifuniko ikiwa moto. Tumia kulanti, yale maji maalumu ya kupoozea mashine. Maji ya kisima cha pwani yana chokaa na chumvi, usiyatie.

Kiwiko cha ekzosi kivue mara moja kwa mwaka. Chumvi na masizi hukutana pale na tundu linazidi kuwa jembamba, mashine inakosa pumzi na inachemsha huku pampu na impela ni nzima kabisa. Kikioza kwa ndani ni hatari zaidi, maji yanarudi kwenye silinda.

Nikueleze lililonipata, kwa sababu lilinigharimu na sitaki likufike. Nilikuwa mwanafunzi kwenye gereji moja ya boti, mwaka wa pili. Mashine ikakataa kuwaka asubuhi. Nikapiga selfu, nikapumzisha betri, nikapiga tena, labda mara kumi na tano. Kumbe kila selfu inapozunguka, pampu inavuta bahari na kuimwaga kwenye ekzosi, lakini hakuna moshi wa kuisukuma nje. Ekzosi ikajaa, maji yakarudi nyuma mpaka ndani ya silinda. Nilipopiga tena nikasikia "ko!" na kimya. Maji hayabanwi kama hewa. Fimbo ya pistoni ilipinda. Mwenye chombo alikuwa mvuvi mwenye watoto sita, na alikaa nchi kavu msimu mzima wa kusi. Mpaka leo nikisikia selfu inapigwa mfululizo pale bandarini naacha ninachofanya na kwenda kuwazuia.

Basi shika hivi: mashine isipowaka baada ya kujaribu mara mbili tatu, funga koki ya maji, endelea kutafuta sababu, na ikianza tu kuunguruma fungua koki mara moja. Na maji yakishaingia kwenye silinda usisubiri kesho. Siku ileile toa nozeli, vile vichwa vinavyorusha dizeli ndani ya silinda, zungusha mashine maji yaruke nje, tia oili kidogo kila silinda, badilisha oili ya chini, rudisha, iwashe dakika chache, badilisha oili tena, mpaka isiwe na rangi ya maziwa. Ikilala na chumvi usiku mmoja, ringi zinashika kutu.

Dizeli ni njia ya pili. Mashine ya dizeli haina plagi ya cheche. Inabana hewa mpaka inakuwa moto wa kuwasha mafuta yenyewe, na pampu inarusha dizeli kwa matone membamba kuliko ukungu. Nozeli zinazorusha matone hayo zimetengenezwa kwa usahihi ambao punje moja ya kutu inauharibu. Wewe huko kisiwani unanunua dizeli ya madumu na mapipa, imesafiri, imekaa, pengine imenyeshewa. Iache dumu itulie usiku mzima, mimina taratibu bila kulitikisa, na zile lita mbili za chini usizitie kwenye tangi. Chota kidogo kwenye chupa angavu uitazame juani: maji hukaa chini kama mstari. Kwenye mpaka huo wa maji na dizeli huota vijidudu, na baada ya muda unapata ute mweusi unaoziba filta katikati ya safari. Tangi likikaa limejaa, unyevu haupati nafasi ya kuganda kwenye kuta zake.

Kuna filta mbili. Ya kwanza, karibu na tangi, hutenganisha maji, na chini yake kuna kikoki. Fungua kikoki hicho kila asubuhi, maji yote yaishe mpaka itoke dizeli tupu. Ya pili iko kwenye mashine. Mashine ikiwaka, ikaenda dakika mbili tatu kisha ikapanda na kushuka na kufa, mara nyingi kuna hewa au filta imeziba. Kutoa hewa ndiyo kazi ya kwanza ya spana ninayotaka uifanye, na uirudie hata kama mashine ni nzima, mpaka uweze kuifanya ukiwa umefumba macho. Legeza skrubu ya juu ya filta ya pili, piga kile kipini cha pampu ndogo ya dizeli, povu litatoka, endelea mpaka dizeli itoke bila povu, kaza. Hamia skrubu ya pampu kubwa, ile inayosukuma dizeli kwenda kwenye nozeli, fanya vilevile. Ikikataa bado, legeza nati za mabomba ya chuma pale kwenye nozeli, mwenzako apige selfu kidogo, kaza moja moja dizeli ikitoka. Koki ya maji iwe imefungwa, nimeshakueleza kwa nini. Na usiweke kamwe kidole au kiganja mbele ya nozeli inayorusha. Presha yake inapenya ngozi, dizeli inaingia kwenye damu, na watu wamekatwa vidole. Washa za shaba, zile pete ndogo za kwenye skrubu hizo, zinakauka ukizifungua mara nyingi na kuanza kuvuta hewa. Ukiwa mbali na duka, ichome mpaka iwe nyekundu, itumbukize majini, itakuwa laini tena.

Oili haina maneno mengi. Pima kila asubuhi. Ikiwa kama chai ya maziwa kuna maji ndani, usiwashe. Badilisha pamoja na filta yake kwa saa ambazo kitabu cha mashine kinasema. Kama ni kila saa 100, na wewe msimu wa papa potwe kuanzia Oktoba hadi Machi mashine inafanya kazi saa 4 kwa siku, siku 25 tu zimetimia. Wengi huhesabu kwa miezi na kukosea. Andika saa kwenye daftari lilelile la mchoro. Moshi nao usome: mweusi ni mzigo mkubwa au hewa haba, na chini ya chombo kulikoota chaza kunatosha kuuleta; wa buluu mashine inakula oili; mweupe ni maji, au dizeli isiyowaka.

Shafti, ule mhimili unaozungusha propela, usiipuuze. Pale inapotokea nje kuna glandi yenye kamba ya kuzuia maji. Glandi ya aina hiyo inatakiwa idondoshe matone machache kwa dakika shafti ikizunguka, na isimame kudondosha ikisimama. Ukiikaza mpaka ikauke, inaungua na inaila shafti. Na mtu akitaka kukunyooshea mashine na shafti chombo kikiwa kimelala mchangani, mkatalie. Boti ya mbao hujikunja ikilala. Kipimo kinachukuliwa ikielea, kwa fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi, kati ya zile sahani mbili zinazounganisha mashine na shafti, na kwa sahani ya inchi 4 tofauti isizidi milimita 0.1. Upande wa umeme, safisha vichwa vya betri uvipake grisi, na usizime swichi kubwa ya betri mashine ikiwa inawaka, utaunguza alteneta.

Pampu kubwa ya dizeli usiifungue. Nozeli unaweza kuzitoa na kuzirudisha, lakini kuzipima ni kazi ya mwenye mashine ya kupimia, zipeleke Dar. Silinda hedi iache mpaka uwe umesimama pembeni ya mtu anayeifungua angalau mara mbili.

Zana usinunue sanduku kubwa la rangi nyingi. Nunua spana za milimita, kuanzia 8 hadi 24, zilizo bora hata kama ni chache, bisibisi mbili kila aina, plaizi mbili, fila geji, multimita ya bei ya kawaida, na tochi ya kichwani. Zipake oili kidogo, zifunge kwenye kitambaa, vinginevyo Mafia itazila kwa kutu. Pesa inayobaki iweke kwenye vipuri vya kukaa ndani ya boti: impela 2 na gasketi zake, filta za dizeli 2 za kila aina, mkanda, klipu, mita moja ya mpira wa maji, oili lita tano, na washa za shaba. Ukiwa katikati ya Mafia na Nyamisati duka lako ni hilo sanduku.

Kuhusu chuo, si lazima ili uihudumie boti yako. Ukitaka kufanya kazi kwenye meli kwa cheti, Chuo cha Bahari Dar es Salaam, DMI, ndicho kinachofundisha wahandisi wa meli. Kwa vyombo vya uvuvi ulizia FETA, Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi, kampasi ya Mbegani, Bagamoyo. Lakini kwa sasa tafuta fundi wa boti, wa boti si wa magari, umlipe aje siku tatu, na mkubaliane mapema kwamba spana unashika wewe, yeye anasema tu. Atakudai zaidi, kwa sababu mwanafunzi anachelewesha kazi. Mpe. Baba yako alipokuwa hai bila shaka kuna mtu alikuwa akimwamini. Anza na huyo.

Na kabla hata hajafika, subiri bamvua, yale maji ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu yanayokupwa mbali zaidi. Chombo kikikauka kabisa, ingia chini yake na bisibisi ya zamani, kwangua lile tundu la maji mpaka ndani, pima kwa mkono liko juu ya mchanga kiasi gani. Kisha panda, fungua pampu, hesabu mabawa ya impela, pitisha kucha ukutani. Niandikie ulichokuta: mabawa mangapi yamebaki, na kucha imenasa au haikunasa. Kutokana na hayo mawili nitajua nikwambie ununue impela, pampu nzima, au tulihamishe lile tundu lipande juu kidogo.